Nilivyoipata fani yangu kati ya lugha, siasa na sanaa

Mtu akikuuliza unataka kwenda kusomea nini chuoni, huwa anasubiri neno moja. Sheria. Uhasibu. Uuguzi. Mimi nilikuwa na matatu, na kila nilipoyataja kwa mpigo niliona muulizaji akihangaika pa kushika. Lugha aliielewa: basi utakuwa mwalimu, au mkalimani. Siasa aliielewa nusu: kwani unataka kugombea? Sanaa ndiyo iliyomchosha kabisa. Mama alinijibu kwa upole wake wote, "Mwanangu, hayo mawili ya kwanza yanatosha. Kuchora utachora siku za mapumziko."

Tatizo ni kwamba sikutaka kuchora. Mpaka leo siwezi kuchora hata farasi anayetambulika kuwa ni farasi. Nilichotaka ni kuitazama picha iliyochorwa na mwingine na kuuliza nani aliilipia, ilimuudhi nani, na yale maandishi yaliyoko chini yake yanamwambia nani nini. Kwa umri ule sikuwa na maneno ya kulieleza hilo mbele ya wazazi, kwa hiyo nikasema tu kwamba napenda vyote vitatu. Ni jibu lisilomsaidia mtu yeyote, hata yule anayelitoa.

Mwaka wa kwanza niliingia na vyote vitatu kwa sababu chuo kiliruhusu. Nilichogundua mapema ni kwamba kozi hizi hutofautiana kwa mwendo, jambo ambalo sijaliona kwenye kipeperushi chochote cha udahili. Siasa ilikuwa kusoma kurasa nyingi na kubishana: dola ni nini, uhalali wa mtawala unatoka wapi, kwa nini watu hutii. Unaweza kuzembea wiki nzima, ukajifungia Jumamosi na Jumapili, ukawafikia wenzako. Lugha haina huruma hiyo. Nilichukua Kiamhara, ambacho huandikwa kwa hati yake chenyewe iitwayo fidel: alama za msingi 33, na kila moja ina maumbo 7 kulingana na irabu inayoifuata. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo unausoma mstari mzima hujui kama hawa watu wamepatana au wameuana mpaka ufike neno la mwisho. Ukikosa siku mbili, ya tatu unakuta darasa limeshahamia wakati mwingine wa kitenzi, na wewe bado unafuata alama kwa kidole.

Historia ya sanaa nayo ilikuwa na mwendo wake. Chumba kinatiwa giza, picha mbili zinawekwa ukutani bega kwa bega, na darasa linaulizwa zinatofautiana wapi. Mtindo huo wa picha mbili ulienezwa na Heinrich Wölfflin, profesa Mswisi aliyefundisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na bado unatumika. Mhadhiri wetu alikuwa na sharti moja: usiseme unachokijua kabla hujasema unachokiona. Tukikimbilia kusema hii ni picha ya mapinduzi, alitukatiza. "Bendera iko wapi? Nani amesimama juu ya nani? Nani hana viatu?" Kipindi kiliweza kuisha tukiwa bado tunahesabu mikono. Wenzangu wa siasa waliuona ni uvivu uliopewa krediti. Mimi nilikuwa nikitoka humo nimechoka kuliko darasa jingine lolote.

Swali nililoulizwa zaidi ni sanaa inahusiana nini na siasa. Mjomba aliliuliza kila tulipoonana, mpaka nikapata jibu fupi la kumpa. Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda Umoja wa Mataifa kulieleza Baraza la Usalama kwa nini Iraki ilistahili kukabiliwa. Karibu na mlango wa ukumbi wa Baraza, pale wanadiplomasia wanaposimama kuzungumza na wanahabari, ilikuwa imetundikwa nakala iliyofumwa ya Guernica, mchoro wa Pablo Picasso wa mwaka 1937 kuhusu mji wa Wabaski nchini Hispania ulioshambuliwa kwa mabomu ya ndege mwezi Aprili mwaka huohuo. Nakala hiyo ilifunikwa kwa pazia la buluu. Maofisa walisema ni kwa ajili ya kamera za televisheni, zinahitaji mandhari tulivu nyuma ya msemaji. Inawezekana. "Lakini mjomba," nilimwambia, "kama picha ya miaka 66 iliyopita haina neno na siasa, pazia lilikuwa la nini?" Alicheka, akasema haya, sawa, lakini nani atakulipa mshahara kwa kujua habari za mapazia? Swali zuri. Nitalifikia.

Mwisho wa mwaka wa kwanza ndipo mambo yalipokaza. Mshauri wa masomo niliyepangiwa aliyaangalia matokeo yangu, yote mazuri kiasi, hakuna lililolizidi jingine kwa mbali, akaniambia nichague moja na mengine niyafanye burudani. Hakuwa na nia mbaya. Fomu yake ilikuwa na nafasi moja, na mlangoni kulikuwa na foleni. Ila huo ushauri wa kuchagua unalolipenda zaidi nauona hadi leo kuwa dhaifu kuliko wote wanaopewa wanafunzi, kwa sababu mapenzi ya somo hufuata mwalimu. Muhula wenye mhadhiri mchangamfu, siasa inakuwa tamu. Muhula unaofuata anakuja anayesoma slaidi zake kwa sauti, na utamu wote unakwisha.

Kwa hiyo niliacha kujiuliza napenda nini. Nilizitoa insha zangu zote za kozi zote tatu, nikazitandaza kitandani, nikaanza kusoma vichwa vyake. Katika siasa, kila tulipoachiwa tuchague mada wenyewe, nilikuwa nimeandika kuhusu mabango ya uchaguzi. Katika sanaa, picha rasmi za watawala: mkono umewekwa wapi, nyuma yao kuna nguzo au kuna ramani, nani amekatwa nje ya fremu. Katika lugha, mahali ambapo wenzangu walieleza familia zao na hali ya hewa, mimi nilikuwa nimejaribu, kwa Kiamhara cha kuokoteza, kueleza picha iliyoko kwenye noti. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa naandika insha ileile katika idara tofauti bila habari: mwenye mamlaka hujionyeshaje kwa watu ambao hawakuombwa ridhaa, na hao watu humjibuje?

Jambo lilipogeuka kuwa swali, fani ikaanza kutafutika. Ukipekua orodha ya kozi ukitafuta lugha-na-siasa-na-sanaa, hupati kitu. Ukitafuta nani anafundisha kuhusu picha za watawala, unawapata watu, na watu hao wana idara, wana ofisi, na wana saa za kuwaona wanafunzi.

Bado nilikuwa na shaka kama vitatu vile vinaweza kukaa katika kazi moja bila kushikizwa kwa gundi. Shaka hiyo iliondolewa na Adwa, vita vya Ethiopia na Italia vya mwaka 1896.

Tulionyeshwa picha ya vita hivyo katika darasa la sanaa. Ni moja kati ya nyingi, maana wachoraji wa Ethiopia waliichora Adwa tena na tena katika karne ya 20, na picha nyingi zilinunuliwa na wanadiplomasia na wageni wengine. Majeshi mawili yanatazamana, Waethiopia kushoto, Waitalia kulia, bunduki na moshi katikati. Juu angani yupo Mtakatifu George juu ya farasi mweupe, kwa kuwa vita vilipiganwa siku yake. Mfalme Menelik amevaa taji, amefunikwa mwavuli. Malkia Taytu amepanda farasi, silaha mkononi. Mhadhiri akauliza swali lake la kila siku, tunaona nini. Tukataja bendera, tukataja farasi. Akasema bado. Kisha akauliza: "Wana macho mangapi?"

Ndipo tukaona. Waethiopia wote wanatutazama, macho mawili kila mtu. Waitalia wamechorwa kwa ubavu wa uso, jicho moja kila mtu. Katika uchoraji wa kanisa la Ethiopia, mwema huonyeshwa uso wake na mwovu huonyeshwa kwa ubavu. Mchoraji wa vita aliichukua kanuni ya watakatifu na mashetani, akaifanya hukumu juu ya jeshi la kigeni. Hakuhitaji kuandika nani alikuwa na haki.

Maandishi hata hivyo yalikuwapo, madogo madogo, yametawanyika juu ya vichwa vya watu, kwa fidel. Mhadhiri hakujua Kiamhara. Akanitazama, nami nikasogea mpaka ukutani, kivuli changu kikaifunika nusu ya jeshi, nikaanza kusoma alama kwa alama kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. M, ni, li, k. Menelik. Kisha Taytu. Kisha Ras huyu na Ras yule, yaani wakuu wa Menelik. Yalikuwa majina tu, lakini kwangu ilikuwa mara ya kwanza saa zote zile za kukariri fidel kunifungulia kitu ambacho mwalimu mwenyewe hakuweza kukifungua.

Nilipotoka hapo nilikwenda kutafuta kwa nini walipigana. Mwezi Mei 1889 Menelik na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli, walitia sahihi Mkataba wa Wuchale, wenye nakala ya Kiamhara na nakala ya Kiitalia. Ibara ya 17 ilihusu mawasiliano ya Ethiopia na mataifa mengine. Kwa Kiamhara, mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano hayo. Kwa Kiitalia, amekubali kuitumia, na Roma ikalisoma hilo kuwa sharti, ikayatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Ethiopia sasa iko chini ya ulinzi wake. Menelik alipowaandikia wafalme wa Ulaya mwenyewe, alijibiwa kwamba mambo yake yapitie Italia. Mwaka 1893 akaukana mkataba. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi yakakutana Adwa na Italia ikashindwa. Oktoba mwaka huo mkataba uliotiwa sahihi Addis Ababa ukaufuta ule wa Wuchale na kuitambua Ethiopia kuwa nchi huru.

Katika kozi ya siasa Adwa ilikuwa imepewa nusu aya: Waafrika waliishinda dola ya Ulaya, mwaka, basi. Katika darasa la lugha tulijua jinsi ya kusema "anaweza" bila kujua kwamba kuna watu walikufa kwa ajili yake. Katika darasa la sanaa tuliona macho. Sikulazimika kuunganisha chochote, yalikuwa yameunganika tangu 1889. Idara ndizo zilizoyagawana.

Wazee husema figa moja haliinjiki chungu, na kuna wakati nilijisifu kwamba nina mafiga yangu matatu. Mfano huo nauonea shaka sasa. Mafiga sharti yalingane kimo, la sivyo chungu kinapinduka. Masomo yangu hayakuwahi kulingana, na yalianza kukaa vizuri nilipoacha kuyalinganisha. Siasa ndiyo inayoniuliza. Sanaa ndiyo ushahidi ninaoutazama. Lugha ndiyo inayonipa nafasi ya kuusoma ushahidi huo bila kumsubiri mtu mwingine aniambie umeandikwa nini. Mwingine atayapanga kivyake. Rafiki yangu aliyechanganya masomo yaleyale ni mtu wa lugha kabisa: kwake hotuba za kisiasa ni mahali pa kuchota mifano, na jukwaa la maigizo ndiko anakoijaribu. Shahada zetu zinafanana kwa jina, kazi tunazofanya hazifanani hata kidogo.

Kwenye fomu nikaandika siasa kuwa somo kuu, Kiamhara somo la pili, na krediti za hiari zote nikazipeleka kwenye historia ya sanaa. Ratiba niliipanga kwa kuanzia na lugha, kwa sababu ya ule mwendo niliousema. Lugha hupandwa ngazi kwa ngazi. Kozi ya siasa usiyoipata muhula huu utaipata mwakani. Ukikosa ngazi ya pili ya lugha, mara nyingi husubiri mwaka mzima, na ya tatu na ya nne zinasogea nayo.

Kilichonituliza roho baadaye ni kugundua kwamba sikuwa nimebuni kitu. Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa wa Hamburg, alitumia miaka yake ya mwisho kubandika picha kwenye mbao zilizofunikwa kitambaa cheusi: miungu ya kale, michoro ya Florence, stempu za posta, matangazo ya biashara. Kwenye mbao za mwisho aliweka picha za magazeti za Mkataba wa Laterano, ule ambao Papa na serikali ya Mussolini walitia sahihi Februari 1929. Warburg alifariki Oktoba mwaka huo. Mwaka 1933 maktaba yake ilisafirishwa kwa meli hadi London kuiepuka serikali ya Wanazi. Miongo mingi baadaye, hukohuko Hamburg, Martin Warnke alijenga faharasa kubwa ya ikonografia ya kisiasa, yaani elimu ya jinsi mamlaka yanavyochorwa. Kumbe swali langu lilikuwa na jina, lilikuwa na kadi, na lilikuwa na watu waliozeeka nalo.

Hata michanganyiko tunayoiona ya kawaida leo ilianza ikiwa kituko. Oxford ilipounganisha falsafa, siasa na uchumi katika shahada moja miaka ya 1920, hilo halikuwa jambo la kawaida. Leo imezaa mawaziri wakuu. Na kozi za lugha zenyewe zina siasa yake. Chuo cha SOAS cha London, cha masomo ya Asia na Afrika, kilianzishwa mwaka 1916, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaandaa maofisa wa kwenda kutawala makoloni. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik, ikatenga fedha za kufundisha lugha ambazo vyuo vyake vilikuwa vimezipuuza, Kiswahili kikiwamo. Nilipojua hayo niliacha kuona aibu mtu akisema nachanganya mambo. Yalikuja yakiwa yamechanganywa.

Namna ya kuchanganya inategemea mfumo unaoingia, na hapa naomba msomaji anayejaza fomu atulie kidogo. Uingereza kwa kawaida unaomba shahada kwa jina lake kabla hujafika, kwa hiyo mchanganyiko sharti uwe umeandikwa tayari: siasa na lugha fulani, au historia ya sanaa na lugha fulani. Ukiingia kwenye somo moja, kuongeza la pili baadaye ni kazi. Marekani vyuo vingi humwachia mwanafunzi hadi mwisho wa mwaka wa pili ndipo atangaze somo kuu, anaweza kutangaza mawili, na vipo vyuo vinavyomruhusu kutunga fani yake mwenyewe. Chuo cha Brown kiliondoa kozi za lazima za jumla mwaka 1969, na New York University ina kitivo kizima, Gallatin, kilichoanza 1972 kwa kazi hiyo. Katika nchi nyingi za Ulaya shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti 180, na unachopaswa kukitafuta kwenye kanuni ni ngapi kati ya hizo unaruhusiwa kuzipeleka nje ya idara yako. Kanuni hiyo hukaa kurasa za mwisho, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Kuhusu kutunga fani yako mwenyewe nina wasiwasi kidogo. Ni uhuru mkubwa, lakini mtu aliyetunga fani anatumia muda mwingi kuieleza kuliko kuisoma, na akihitimu ataendelea kuieleza. Jina linalofahamika kwenye cheti, na swali lako ndani yake, hurahisisha maisha.

Shida zipo. Ratiba zinagongana, na zikigongana kila idara inaona mwenzake ndiye asogee. Tasnifu yangu ilikuwa na wasimamizi wawili. Wa siasa alitaka hoja ionekane ukurasa wa kwanza. Wa sanaa alitaka nisidai chochote kabla sijaieleza picha mpaka asiyeiona aione. Sura ya kwanza niliiandika na kuiandika upya hadi nikapata njia: nianze na maelezo ya picha, lakini kila sentensi ya maelezo iwe inaelekea kwenye hoja. Hakuna kozi iliyonifundisha kuandika kama ugomvi ule. Kuna mtahini aliyeandika pembeni, "Hii si siasa." Msimamizi wangu aliniambia nisimjibu kwa hasira, niongeze ukurasa mmoja juu ya uhalali wa mtawala, niwataje wanazuoni anaowaheshimu. Niliongeza. Alipitisha.

Na yapo niliyoyakosa. Waliosoma siasa pekee wananizidi nadharia ya uhusiano wa kimataifa, na inaonekana tukikaa meza moja. Takwimu nilizichukua kwa shingo upande, na nashukuru nilizichukua, kwa sababu ukiwa mtu wa picha na maneno watu huamini huwezi kusoma jedwali. Anayechanganya masomo ajiwekee angalau kozi moja ngumu ya mbinu ambayo hakuna anayeweza kuiita burudani.

Sasa swali la mjomba, nani atakulipa. Mwaka 2018 serikali ya Ufaransa ilipokea ripoti juu ya kurejesha urithi wa Afrika ulioko kwenye makumbusho yake. Iliandikwa na watu wawili: Felwine Sarr, mchumi na mwandishi kutoka Senegali, na Bénédicte Savoy, mwanahistoria wa sanaa. Desemba 2020 ikapitishwa sheria maalumu, kwa kuwa wakati huo mali ya makumbusho ya taifa haikuweza kutolewa bila sheria, na Novemba 2021 vitu 26 vilivyochukuliwa na jeshi la Ufaransa katika mji wa Abomey mwaka 1892 vikarudi Benin. Fikiria kazi iliyo ndani ya jambo hilo moja: mtu wa kusoma hati za kale, wa kutambua kiti cha enzi, wa kujua bunge litakwama wapi, wa kuandika maelezo ya ukutani ambayo pande zote mbili zitakubali kuyasoma.

Mimi niko kwenye hiyo ya mwisho. Naandika na kuhariri maandishi ya maonyesho, na sehemu ya kazi hiyo inahusu vitu vya Ethiopia, vikiwamo vile ambavyo jeshi la Uingereza lilivichukua kwenye ngome ya Maqdala mwaka 1868. British Museum kwa mfano ina tabot 11, vibao vitakatifu vya altare, ambavyo havionyeshwi kwa umma wala kupigwa picha, kwa kuwa kanisa la Ethiopia linaruhusu makasisi peke yao kuviona. Unaandikaje maelezo ya kitu kisichotakiwa kuonekana? Useme "kilichukuliwa", "kiliporwa" au "kilipatikana"? Kila neno lina mtu atakayepiga simu kesho yake asubuhi. Mshahara si wa kumtambia mjomba, lakini unakuja, na siku hizi yeye ndiye ananitumia habari za mapazia.

Binti wa kaka yangu sasa yuko mahali nilipokuwa mimi. Ana Kiarabu, siasa na upigaji picha, na wiki iliyopita aliniuliza, "Shangazi, niache lipi?" Nikamwambia asiache kwanza. Asome kozi za mwaka wa tatu, si za mwaka wa kwanza, maana za mwaka wa kwanza zote zinapendeza. Aende maktaba ya idara akaangalie vichwa vya tasnifu za waliohitimu, aone kama kuna hata kimoja ambacho angetamani kiwe chake. Kisha anitumie kazi zote alizoandika pale mwalimu alipomwachia achague mada mwenyewe.

Amezituma. Zile za siasa ni nzuri na hazina pumzi. Za upigaji picha zina kitu. Iliyo ndefu kuliko zote, yenye michoro aliyoichora kwa mkono, ni ya kozi ambayo hakuwa hata ameitaja: jiografia, kuhusu nani huamua mpaka upite wapi kwenye ramani na majina ya miji yaandikwe kwa lugha gani. Nimemuuliza mbona hiyo hukuisema, akajibu kwamba alidhani jiografia ni ya watu wanaopenda mawe. Sasa anaulizia kama idara hiyo inawapokea wanaosoma Kiarabu.